Vifuu wa Ziwa la Ntalala

18 Novemba 1974

Leo ni miaka thelathini na moja, miezi mitatu na siku nne tangu nilipoondoka Songosongo. Nina miaka sitini. Huku bara, Novemba inapofika, watu hungoja mvua, na mimi sijui kungoja bila kuhesabu.

Nililetwa Singida kuwa karani wa stesheni kwenye tawi la reli lililotoka Manyoni. Baada ya miaka michache wakubwa wakaona tawi halina faida, wakaling'oa, wakaondoka na vyuma na mataruma yao. Karani hawakumng'oa. Nikamwoa Kristina, Mnyiramba, nikahamia kwao, maili sita kutoka Iguguno. Nilipomzika, miaka sita iliyopita, sikuona sababu ya kuhama tena. Mwaka huu sababu ilikuja na lori. Tumetolewa sote kwenye maboma yetu ya zamani, tumepangwa mistari minne kando ya ziwa, na pale penye mistari pameitwa Kijiji cha Ntalala.

Ziwa lenyewe ni sahani ya magadi. Ukinawa mikono maji yanateleza kama sabuni, na yakikauka yanakuachia unga mweupe. Ndege aina ya heroe wanasimama humo kwa mguu mmoja kutwa nzima. Hao ndio wakazi pekee wa Ntalala waliokuja kwa hiari yao.

20 Novemba

Kila Jumatano na Ijumaa alasiri nafundisha elimu ya watu wazima katika banda la shule. Wanafunzi wangu ni ishirini na wawili, wengi wao akina mama. Leo niliishiwa maneno ya kuandika ubaoni, maana "jembe", "mbegu" na "choo bora" wameshayachoka kama ninavyoyachoka mimi. Nikaandika "kifuu".

Nikawaeleza. Kifuu, kama tulivyomwita sisi watoto wa kisiwani, ni samaki wa urefu wa kidole gumba, mweupe, mwenye mistari mitatu myeusi. Makazi yake ni tumbawe moja lenye matawi kama kichaka. Juu ya tumbawe hilo wanakaa ishirini, thelathini, wameelekeza vichwa upande maji yanakotoka, wanadonoa vijidudu vinavyopita na mkondo. Kivuli kikitokea, wote wanazama kwenye matawi mara moja. Kivuli kikipita, wanainuka tena, mmoja mmoja. Wanazaliwa na kufa katika eneo lisilozidi chumba hiki.

Walinisikiliza kama hawajawahi kunisikiliza. Yunisi, mdogo wake marehemu mke wangu, aliacha hata kusuka ukili. Sikuandika neno jingine ubaoni hadi jua likashuka. Ilikuwa furaha ya kipumbavu na sikujizuia.

23 Novemba

Nilidhani mambo ya vifuu yameisha. Asubuhi hii amekuja Yeremia, mwenyekiti wetu wa kijiji, mtu mpole, mwaminifu, asiyewahi kuwa na fikra moja bila kuitembeza nyumba zote kama mgonjwa anayetafuta dawa.

"Mzee Karani, shikamoo. Nimewaza."

"Marahaba. Umewaza nini?"

"Bahari ni maji ya chumvi?"

"Ni maji ya chumvi."

"Na ziwa letu?"

Nikaona anakokwenda. Isaka, mfugaji jirani yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akinuka ng'ombe na tumbaku, ndiye aliyejibu.

"Mwenyekiti anataka kutuletea hao samaki wa mistari."

"Samaki anajua chumvi tu," Yeremia akasema. "Ukimtoa kwenye chumvi ukamweka kwenye chumvi, atajuaje tofauti?"

"Heroe watamwambia," Isaka akasema.

Nilicheka. Nilipaswa kusema pale pale kwamba magadi si bahari, kama vile majivu si unga. Lakini mtu mzima akikuambia jambo la namna hiyo kwa uso mkavu, unaona aibu kumjibu. Niliacha lipite, nikiamini litakufa lenyewe.

29 Novemba

Joto. Hakuna mvua. Yeremia ametembeza fikra yake hadi Iguguno.

2 Desemba

Amekuja Bwana Maendeleo. Anaitwa Chrispin, ana miaka ishirini na sita, na suruali yake imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Hakuniamkia. Alisema, "Habari za kazi, mzee?" kama vile tulisoma pamoja. Akina mama waliokuwa kisimani waligeuka kumtazama. Huku kumnyima mzee shikamoo ni kama kutema mate mlangoni pake.

Alikuwa na daftari jipya. Akataka nimweleze vifuu, nikamweleza. Akaandika, akapiga mstari chini, akafunga daftari.

"Samaki hawa ni wajamaa kamili. Wanaishi pamoja, wanakula pamoja, wanajilinda pamoja. Wananchi wakiwaona kwa macho yao, somo halihitaji mwalimu."

Hakuniuliza zaidi, nami sikumwambia yaliyobaki. Katika kundi la vifuu kila mmoja ana cheo chake kulingana na ukubwa wa mwili. Wakubwa wanakaa juu na mbele, wanapata chakula cha kwanza. Wadogo wanabaki chini karibu na matawi, wanakula kilichoponyoka midomo ya wakubwa, na mdogo akithubutu kupanda anafukuzwa kwa kudonolewa mkia. Kivuli kikija hakuna anayemlinda mwenzake. Kila mmoja anamweka jirani yake kati yake na meno. Somo hilo nalo lisingehitaji mwalimu.

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililoniharibia mwaka.

"Tutahitaji mtu anayewajua aende akawalete. Kwenu ni Kilwa, siyo?"

"Songosongo. Kisiwa mbele ya Kilwa."

"Basi utakwenda wewe. Nitaomba waranti ya safari. Treni mpaka Dar es Salaam, meli mpaka Kilwa, kwenda na kurudi, pamoja na mapipa sita."

Nikamtazama yule kijana, asiyejua samaki, asiyejua ziwa, asiyejua hata kuamkia, akinishikisha kwa kalamu kile ambacho sikuweza kujipatia kwa miaka thelathini na moja.

"Wataishi?" akauliza, kalamu ikiwa tayari.

Nikasema, "Maji yakiwa na chumvi ya kutosha."

Akaandika: Wataishi.

3 Desemba

Sikulala vizuri. Uongo ule si wangu peke yangu. Mjinga ndiye aliyeuandika.

7 Desemba

Mvua. Milimita ngapi sijui, kipimo cha stesheni kilikwenda na reli. Ntalala nzima iko shambani inapanda uwele na mtama. Mashamba haya mapya ni mchanga mtupu. Yale ya zamani, yaliyolishwa samadi ya zizi kwa vizazi vitatu, yako nyuma ya kilima na hayana mtu. Yunisi ana ekari moja na nusu. Mumewe alikufa kabla hatujahamishwa, naye hupanda peke yake, akichimba shimo kwa kisigino na kulifunika kwa kidole cha mguu, bila kuinama. Nilimtazama kutoka barazani. Ni kazi ya ustadi, lakini siwezi kusema ni ya kuvutia.

16 Desemba

Chrispin amepata fikra ya pili, na huyu fikra zake hazitembei, zinatoa amri. Samaki wa mwamba wanahitaji mwamba. Kila kaya ibebe mawe arobaini hadi ziwani, siku tatu kwa wiki, mpaka mwamba ukamilike.

Mawe! Tumbawe si jiwe. Ni viumbe hai, maelfu kwa maelfu, wanaojenga nyumba zao kwa miili yao, na maji yakiwa moto kidogo au machafu kidogo wanakufa na kubaki mifupa. Mimi ninayejua hayo ndiye niliyeitwa Mtaalamu wa Mradi na kukabidhiwa vijiti vya kuonyesha mwamba utakapokaa.

Nilivichomeka. Nilifanya mviringo mzuri, mlango ukielekea mashariki. Nilisimama na mwavuli wangu, suruali nimekunja hadi magotini, nikasema, "Hapa kubwa, pale dogo," na watu wazima mia mbili, wenye akili ya kujua ng'ombe mia kwa rangi, wakaweka kubwa hapa na dogo pale. Niliwadharau kwa kutii. Nani anayebeba jiwe bila kuuliza?

24 Desemba

Wakristo wanajiandaa kwa sikukuu. Mawe yamesimamishwa siku mbili. Mvua nzuri.

4 Januari 1975

Mvua nzuri mno. Uwele umefika kifundoni na magugu yamefika hapo hapo. Huku wanasema palizi ya kwanza ikipita mwezi mmoja, shamba ni la ndege. Watu wanajaribu kupalilia siku zile ambazo hawabebi mawe, na siku hizo ndizo mvua inapochagua kunyesha kutwa.

Jioni Yunisi alileta mlenda na ugali, kama afanyavyo tangu dada yake afariki. Alikaa chini, akanyoosha miguu. Bega lake la kulia limechubuka na kidonda kinatoa maji.

"Shemeji, naomba nikuulize, usinicheke."

"Uliza."

"Hao samaki. Wataishi kweli? Maana Isaka anasema ni wazimu, na wanangu wako shule, na shamba langu linalia."

Nilitafuna mlenda muda mrefu kuliko mlenda unavyohitaji.

"Maji ni maji, Yunisi."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepokea dawa. "Basi. Kama ni wewe umesema, nitabeba."

Alipoondoka nilikasirika. Mwanamke mwenye akili timamu, anayejua kusoma sasa, kwa nini aridhike na jibu la namna ile? Nimeandika hasira hii ili niione kesho ikoje.

5 Januari

Iko vile vile, lakini sijui tena inamlenga nani.

14 Januari

Naandika jambo la togwa kwa ukamilifu, maana halijawahi kutokea kwingine na halitatokea tena.

Huku shamba likimshinda mtu, anapika kinywaji na kuita majirani. Wanapalilia asubuhi, wanakunywa mchana, na shamba linakwisha kwa siku moja. Wasio wa kanisa hupika pombe. Walutheri wamekatazwa pombe, hivyo hupika togwa, ambayo ni tamu na haina dhambi, alimradi inywewe siku ya kwanza au ya pili. Ikifika ya tatu inaanza kuchemka yenyewe, na ya nne imekwisha kuwa kitu kingine.

Yunisi alisaga uwele wake wa mwisho wa akiba, akapika mitungi minne, akaita watu kwa Jumamosi tarehe kumi na moja. Watu walikubali. Ijumaa jioni Chrispin akafika na pikipiki na kutangaza kwamba Jumamosi ni mawe, na Jumatatu pia, maana wakubwa wanataka taarifa. Yeremia, badala ya kusema watu wameshaitwa, alijikuna shingo na kusema, "Tutapalilia Jumanne."

Leo ndiyo Jumanne. Walikuja, majembe begani, watu thelathini na zaidi, wengi wao wazee wa kanisa, na mmoja akafunua mtungi kuonja. Akaufunika haraka.

"Mama Yunisi, hii imebadilika."

"Ilikuwa ya Jumamosi," akasema.

"Najua. Lakini imebadilika."

Wakasimama. Wengine walisema wapalilie bila kunywa. Wengine wakasema si desturi. Ukipalilia bila kunywa umemfanya mwenye shamba maskini mbele ya watu. Wengine walisema kusimama tu karibu na mitungi ile kunaweza kuletwa barazani kwa mchungaji. Walijadili, naapa, mpaka jua la saa tano, na manyunyu yakaanza, na mmoja baada ya mwingine wakapata sababu. Walipalilia mistari sita.

Isaka, ambaye hajabatizwa na hana nia hiyo, alikaa chini kando ya mitungi.

"Bwana ametenda," akasema, akajichotea.

Yunisi alichukua jembe lake. Aliingia ndani ya shamba peke yake akaendelea na mstari wa saba. Nilikuwa barazani kwangu, hatua thelathini. Nilicheka wakati ule wa wazee na mtungi, nakiri, yeyote angecheka. Kisha nikawahesabu wapumbavu wa siku ile: mwenyekiti, Bwana Maendeleo, wazee wa kanisa. Nilipomaliza niliona orodha ina pengo, nikaenda kulala mapema.

15 Januari

Mawe.

27 Januari

Waranti imefika. Karatasi ya kijani, muhuri wa duara, jina langu lote, hata la babu yangu, ambalo huku halijawahi kuandikwa na mtu. Dodoma hadi Dar es Salaam, daraja la pili. Barua ya kupanda meli imebanwa nyuma yake. Safari ni tarehe kumi na mbili Februari.

Nimeketi nayo mezani. Nimewaza vitu kwa mpangilio: harufu ya mwani uliokaushwa, sauti ya maji yanapojaa chini ya ukuta wa msikiti, dada yangu Mwanahawa kama yu hai, ule mteremko ambapo maji yanageuka rangi ghafla kutoka kijani kwenda buluu nzito, na juu ya mteremko, kina cha mtu mzima, tumbawe lenye vifuu. Nitaingia majini. Goti langu la kushoto litakubali.

Na mapipa? Nitayajaza. Treni siku nzima na usiku, lori kutoka Dodoma kwenye jua. Watakufa kabla ya Morogoro. Nitarudi na mapipa ya uozo, nitasema njia ilikuwa mbaya, na hakuna atakayejua, maana hakuna anayejua kitu chochote hapa.

30 Januari

Isaka amenipitia. "Karani, umenenepa usoni. Ni hiyo karatasi?" Ng'ombe wake walisimama wakinitazama.

9 Februari

Mkutano wa kijiji, baada ya ibada, uwanjani mbele ya shule. Ajenda ilikuwa kumuaga Mtaalamu. Nilivaa kanzu.

Chrispin alizungumza kwanza. Alisema mwamba umefika robo tatu, na kwa kuwa vifuu watafika kabla ya mwisho wa mwezi, kuanzia kesho hakuna kupalilia. Wiki mbili zote ni za mawe, kila siku, kila kaya. Minong'ono ikaanza nyuma, ile minong'ono ya watu wanaoona kitu kinawapita mbele ya macho. Uwele sasa uko kiunoni na wa wengi umekuwa wa njano. Wiki mbili ndizo shamba lililobaki nazo.

Isaka akasimama.

"Nataka kuuliza. Nani hapa amewahi kumwona samaki huyu?"

"Mzee Karani," Yeremia akasema.

"Na nani mwingine?"

Isaka akazungusha macho uwanja mzima.

"Basi sote tunalima mawe kwa jicho la mtu mmoja."

Watu wakacheka, na nikaona Chrispin anafungua daftari kuandika jina lake. Hapo Yunisi akasimama. Hana desturi ya kusema mkutanoni. Alishika ncha za kanga yake kwa mikono miwili.

"Isaka, nyamaza. Shemeji yangu amezaliwa humo. Nilimuuliza mwenyewe, nyumbani, siyo hapa mbele za watu, akaniambia maji ni maji. Mtu huyu amekula ugali wangu miaka sita. Akisema wataishi, wataishi. Mimi kesho nabeba."

Akakaa. Na watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu shamba baya kuliko yote Ntalala ni la Yunisi, na kama yeye anabeba, nani atakataa?

Nilisimama. Sikuwa nimepanga.

"Hawataishi," nikasema.

Yeremia alidhani hajasikia. "Unasema, mzee?"

"Vifuu hawataishi. Hawataishi njiani, na wakifika hawataishi ziwani hata kwa muda wa kuchemsha chai. Maji yale ni magadi. Na mawe yale ni mawe. Nilipokuwa mtoto, maji yakipwa sana siku za bamvua, tulikuwa tunalivunja tumbawe zima na kulinyanyua juu, nje ya maji. Samaki mwingine yeyote angekimbia. Kifuu hatoki. Anabaki amejibana kwenye matawi yake hewani, mpaka anakufa, kwa sababu hajui pengine pa kukimbilia. Tulikuwa tukiwakung'uta mchangani kama pilipili. Samaki wa namna hiyo huwezi kumhamisha. Unaweza kumwua tu mahali pengine."

Watu kadhaa wakageuka kutazama kilima, upande wa mashamba ya zamani. Nadhani baadhi yao hawakuwa wakifikiri juu ya samaki.

Chrispin alikuwa amesimama. "Mzee, hii kauli ni ya nani? Nani amekutuma?"

"Mimi ndiye niliyekudanganya. Tarehe mbili Desemba."

"Ulisema wataishi. Nimeandika."

"Uliandika. Nami nilikuona ukiandika."

Yeremia aliuliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari za msiba, "Tangu lini ulijua, Mzee Karani?"

"Tangu siku uliyokuja kwangu."

"Na kwa nini sasa?"

Ningeweza kusema neno zuri. Nilisema, "Nilitaka kwenda kwetu."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Isaka hakucheka.

"Ng'ombe wangu akijua maji mabaya," akasema, "ananionyesha siku hiyo hiyo. Na yeye hajui kusoma."

Chrispin alikuja hadi nilipokuwa, akanyoosha mkono. Nilitoa waranti kwenye mfuko wa kanzu. Aliikunja mara nne, kwa uangalifu, kingo kwa kingo, akaiweka mfukoni pamoja na kalamu yake. Kisha akatangaza kwamba mradi umesimamishwa kwa muda kwa ajili ya uchunguzi, na akawasha pikipiki.

Watu walitawanyika bila kuimba. Hawakwenda nyumbani. Walikwenda mashambani vile vile, na nguo za ibada. Waliponipita, hata watoto, ambao huku wanachapwa wasipomwamkia mzee, walinipita kama nguzo.

10 Februari

Nimekwenda shambani kwa Yunisi kabla ya jua. Alikuwa ameshafika. Niliazima jembe la Isaka, ambaye alinipa bila maneno, jambo lililonitisha zaidi.

"Anzia kule chini," Yunisi akasema. Hakukuwa na jina wala shikamoo.

Nikaanza. Baada ya saa moja alikuja nyuma yangu, akasimama, akaokota mmea niliokuwa nimeung'oa.

"Huu ni uwele."

"Na huu?"

"Huo ni gugu. Unakata uwele unaacha gugu."

Nikatazama. Majani yale yale, rangi ile ile. Alinionyesha: gugu lina wekundu kidogo pale shina linapoingia ardhini, uwele hauna. Ni kitu kidogo kama nukta. Mtoto wa miaka minne wa huku anakijua. Miaka thelathini na moja nimekula uwele huu na kuwacheka watu hawa kwa kutojua magadi na bahari.

Nilirudi mwanzo wa mstari nikaanza tena, uso karibu na ardhi.

13 Februari

Malengelenge. Mistari kumi na minne.

19 Februari

Treni yangu ingekuwa imeshafika wiki iliyopita. Mistari kumi na tisa leo, Yunisi thelathini na moja.

3 Machi

Tumemaliza. Nusu ya chini imepona. Nusu ya juu, ile iliyokosa palizi ya Januari, haitazaa. Imesimama kama mabua ya kufagilia. Darasa la Jumatano walikuja watu wanne. Niliandika "gugu" ubaoni, na hakuna aliyecheka.

20 Machi

Mvua imekatika mapema. Ziwa limeanza kurudi nyuma na mwamba wetu uko nje, mviringo mzuri, mlango mashariki. Mbuzi wanapanda juu yake. Chrispin amehamishiwa kwingine. Wanasema amepandishwa cheo. Sina la kuongeza juu ya hilo.

1 Juni

Mavuno. Yunisi amepata magunia mawili. Mwaka jana, mwaka wa njaa, kwenye shamba lake la zamani lenye samadi, alipata matatu. Kihenge chake cha nafaka kinasimama ndani ya nyumba, kirefu kuliko mimi, na ukigonga hata chini ya kiuno kinajibu kama ngoma. Nilimwambia nitakula mara moja kwa siku. Akasema, "Utakula kama watu."

8 Juni

Leo jioni Yunisi alikuja akivuta beberu mwekundu, yule mkubwa, pekee aliye naye. Alinishikisha kamba.

"Kampeleke mnada wa Iguguno. Uende kwenu."

Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Alikaa kwenye kigoda cha Isaka, akapangusa uso.

"Shemeji, karibu miezi miwili tulibeba mawe kwa sababu ulitaka kwenda kwenu na ukashindwa kusema. Ungesema tu. Ungesimama mbele ya kanisa ukasema, jamani, nimezeeka, nataka nikaione bahari. Huyu angetoa kuku, yule debe, Isaka angetoa ndama akilalamika. Ungekuwa umeshakwenda na kurudi. Hata kwa mguu tungekusindikiza mpaka Singida." Akatazama mikono yangu. "Wewe unatuonaje sisi?"

Nilijua jibu. Kwa miaka thelathini na moja haikunijia hata siku moja kwamba hawa watu wangeweza kuombwa.

Nilimrudishia kamba. Hakutaka kuipokea, nikaifunga kwenye mlango wake nilipomsindikiza. Kihenge chake hakitafika Desemba, na beberu huyu ndiye atakayejaza kilichopungua. Msimu ujao nitapalilia kuanzia wiki ya tatu baada ya kupanda. Macho yangu bado yanatosha kuona ule wekundu.

Sitarudi Songosongo.